Shajara ya pasi tatu za zamani

Juma la 1

Pasi tatu ziko mezani na kazi imeanza. Ya kwanza ni ya chuma kitupu, ile inayopashwa moto juu ya jiko. Ya pili ni ya mkaa, yenye jogoo wa shaba mbele. Ya tatu ni ya umeme, ya enzi zile pasi haikuwa na kidude cha kupunguza wala kuongeza moto: unachomeka, inashika moto, unachomoa. Sharti nililojiwekea ni moja tu, kwamba mwisho wa mradi kila moja ipige nguo. Pasi nyingine ninazo rafuni, nimezikusanya kwa miaka, na kila nikizipita naona zimekaa kama watu walionyimwa kazi wanayoijua. Hizi tatu zitafanya kazi.

Nimezipima zote kabla ya kugusa hata skrubu. Ya chuma kitupu kilo 2.9. Ya mkaa kilo 3.4 ikiwa haina mkaa. Ya umeme kilo 2.6. Pasi yangu ya siku hizi, ya mvuke, kilo 1.2. Hapo ndipo mvuto wa vitu hivi unapoanzia kwangu. Ukiishika pasi nyepesi, bega lako ndilo linalokandamiza nguo. Ukiishika nzito, kazi ya mkono ni kuiongoza tu. Kukandamiza inajikandamizia yenyewe. Wengi wanadhani uzito ndio mateso ya pasi za kale. Mateso yako kwenye kuinua, na aliyezoea haiinui ovyo. Anaisukuma, anaivuta, anaigeuza, na kuinua ni pale tu anapoirudisha jikoni.

Pasi ya chuma kitupu ina jina KENRICK na namba 6 mgongoni, herufi zimesubiwa pamoja na chuma chenyewe. Archibald Kenrick & Sons walikuwa wasubu chuma wa West Bromwich, Uingereza, na kiwanda chao kilianza mwaka 1791. Yangu haina mwaka wowote ulioandikwa, nami sitaubuni. Ina kutu nene kama ganda la mkate uliokauka, na upande mmoja mtu aliwahi kuipaka rangi nyeusi ya kung'aa ili ipendeze kwenye maonyesho. Rangi hiyo itatoka. Ukiipasha moto inanuka, inalainika, na mwisho wake ni kwenye nguo.

Juma la 2

Nimeondoa kutu kwa umeme. Nimeijaribu njia hii mara nyingi na sasa sina haja ya nyingine kwa chuma cha kusubu, kwa sababu inaondoa kutu na kukiacha chuma chenyewe. Brashi ya waya inakwangua vyote viwili. Siki nayo inatoa kutu vizuri, lakini ukiisahau humo inaanza kula pasi.

Nimechukua ndoo ya plastiki, maji lita 15, na magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, vijiko vinne vikubwa. Nimesimamisha vipande vya nondo pembeni mwa ndoo vikizunguka, kisha nikaining'iniza pasi katikati kwa waya bila kugusana na nondo. Chaja ya betri ya gari, volti 12: waya wa hasi kwenye pasi, wa chanya kwenye nondo. Hili huwa nalikagua mara mbili, mara tatu. Ukigeuza, pasi ndiyo itakayoliwa na nondo ndizo zitakazopona. Na kamwe usiweke chuma kisichoshika kutu mahali pa nondo, maana kina kromu, na kromu hiyo inaingia kwenye maji ikiwa sumu. Ndoo nimeiweka nje, palipo wazi, kwa kuwa vile viputo vinavyopanda kwenye pasi ni haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo.

Baada ya saa moja maji yalikuwa na povu la rangi ya chai. Asubuhi nilizima chaja, nikaitoa pasi, na kutu yote ilikuwa imegeuka tope jeusi laini. Nililisugua kwa brashi ya meno chini ya bomba na herufi za KENRICK zikajitokeza moja moja, hata ile C iliyokuwa imezibwa kabisa na rangi.

Hapo pana haraka. Chuma kilichotoka kwenye ndoo kiko uchi, na ukikiacha na unyevu kinaanza kuwa na rangi ya chungwa mbele ya macho yako. Nilikifuta, nikakitia kwenye oveni nyuzi 100 kwa nusu saa, kikatoka kikavu hadi ndani ya vinyweleo.

Uso wa chini niliusugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo kinene ili usipinde: namba 120, 240, 400, kisha 800. Vishimo viwili karibu na ncha nimeviacha. Ningesugua hadi viishe ningepoteza chuma kingi bure, na kishimo kisicho na ukingo mkali hakikwamishi nyuzi. Nimepitisha soksi ya nailoni iliyochakaa juu ya uso wote, kwa maana nailoni hunasa hata kwenye kikwaruzo ambacho kidole hakikihisi. Haikunasa.

Juma la 3

Leo KENRICK imepiga nguo.

Nimeiweka juu ya kikaango kizito kwenye jiko la gesi ili ndimi za moto zisiuguse uso wa chini zikauachia masizi. Kwa kupima moto nilianza na kipimajoto cha kumulika kwa mbali, nacho kikanidanganya. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa hutoa mnururisho mdogo wa joto, hivyo kipimo kilisoma nyuzi 70 wakati matone ya maji yalikuwa yanaruka. Nimerudi kwenye kipimajoto cha waya kinachogusa chuma chenyewe.

Tone la maji, hata hivyo, ni kipimo cha kuaminika kuliko nilivyodhani. Pasi yenye moto kidogo hulitandaza tone, nalo likachemka taratibu palepale lilipoangukia. Ikipanda moto zaidi, tone hulia kwa ukali na kutoweka mara moja. Ikipanda zaidi ya hapo, tone hujikunja likawa shanga, likateleza na kudondoka pembeni bila kukauka. Mvuke wake wenyewe ndio unaolibeba. Daktari Mjerumani Johann Gottlob Leidenfrost alilieleza jambo hili mwaka 1756, lakini yeyote aliyepiga pasi kwa kutemea maji alikuwa akilisoma kila siku. Kwenye KENRICK shanga zilianza kuteleza karibu na nyuzi 200, moto wa kitani na pamba.

Sasa hesabu iliyonifurahisha. Kilo moja ya chuma cha kusubu inahitaji kilojuli 0.46 hivi kupanda nyuzi moja. Kwa kilo 2.9 hiyo ni kilojuli 1.33 kwa kila nyuzi. Pasi ikishuka kutoka 200 hadi 150 inakuwa imetoa kilojuli 67, sawa na pasi ya umeme ya wati 1,000 ikifanya kazi kwa sekunde 67. Joto hilo linatosha kukausha gramu 25 hivi za maji kutoka kwenye nguo. Kwa shati la pamba lenye unyevu nilimaliza kola, bega na mkono mmoja, kisha pasi ikaanza kuburuza badala ya kuteleza. Mkono unahisi kabla ya kipimajoto: sauti inabadilika, ule mluzi mdogo wa unyevu unakatika.

Ndiyo maana pasi hizi zilitumiwa mbili au tatu kwa zamu, moja mkononi na nyingine jikoni. Na ndiyo maana namheshimu Mary Florence Potts wa Ottumwa, Iowa, Marekani. Mwaka 1871 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya kishikio cha mbao kinachochomolewa. Pasi zinabaki jikoni zikipata moto, kishikio kinabaki nje kikiwa baridi, unakipachika kwenye iliyo tayari. Kishikio changu mimi ni chuma kitupu kilichosubiwa pamoja na mwili, kinapata moto ule ule. Bila kitambaa kilichokunjwa mara nne huwezi kukigusa, na kitambaa chenye unyevu ni kibaya kuliko kikavu kwa sababu kinapitisha joto upesi. Nililijua hilo kwa kidole gumba.

Juma la 4

Pasi ya mkaa nilipewa na shangazi. Nilipomweleza kwamba nataka kuitumia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, usiifungue kifuniko karibu na nguo. Cheche haina adabu."

Kuisafisha kulikuwa kwa mkono tu. Jogoo ni wa shaba na amepigwa ribiti kwenye kia cha kifuniko. Sikutaka kuichanganya shaba na chuma kwenye ndoo ya umeme. Pini ya bawaba ilikuwa imelika nusu, nikakata msumari mnene mahali pake na kuuponda ncha. Kishikio cha mbao kilikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Gundi haivumilii joto hilo, kwa hiyo nimechonga kingine cha mbao ngumu kwa kufuata umbo la kile cha zamani, na cha zamani nimekihifadhi kwenye mfuko wa nguo.

Ndani kulikosekana kichanja, kile kibati chenye matundu kinachoyainua makaa kutoka sakafuni. Wengi wanakidharau kikipotea. Bila hicho makaa yanalala kwenye majivu yake mwenyewe, hewa ya matundu ya ubavuni haiyafikii kwa chini, na sakafu inapata moto mabaka mabaka. Nilikata bati, nikalitoboa matundu 20, nikalikunja miguu minne ya sentimita moja. Tofauti imeonekana siku hiyo hiyo: kabla yake kisigino kilikuwa nyuzi 40 nyuma ya ncha, sasa ni 15.

Kuitumia ni kazi ya nje. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na chumba kilichofungwa kinaweza kumuua mtu akiwa bado anapanga nguo zake. Mkaa nimeuwasha kwenye jiko kwanza mpaka ukawa mwekundu wote bila moshi, nikajaza robo tatu ya tumbo la pasi, nikamfunga jogoo. Kisha kuipepea: unaibeba kwa mkono mmoja na kuibembeza mbele na nyuma kama ndoo, hewa inaingia kwa matundu, makaa yanapumua. Dakika sita hivi na shanga za maji zinateleza.

Tofauti yake na KENRICK ni kwamba hii haipoi. Nilipiga mashati manne mfululizo na nilipohisi imelegea nikaibembeza tena. Nikifikiria watu waliokuwa na jiko moja la kupikia na kupashia pasi, naelewa kwa nini pasi yenye jiko tumboni ilipendwa sana.

Shati la nne liliungua. Kipande kidogo cha mkaa kilipasuka ndani, cheche ikatoka kwa tundu la ubavu na kutua kwenye kola nyeupe. Niliipangusa ndani ya sekunde moja na bado imeacha tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Mkaa ule ulikuwa na unyevu. Maji yaliyofichwa ndani hugeuka mvuke na kupasua kaa. Kuanzia sasa mkaa wa pasi unaanikwa juani kutwa nzima, na vumbi lake linachekechwa. Shati nimelihifadhi, tundu lake linafunikwa na tai.

Juma la 5

Hakuna lililoendelea kwa mikono, na ni sawa. Nimeifungua pasi ya umeme na kukuta, juu ya waya za moto, pedi ya kijivu yenye nyuzinyuzi, inayomeguka. Pasi za umri huu nyingi zilifunikwa asbesto kwa ndani, hata waya wake wa kitambaa mara nyingine umeviringishiwa asbesto chini ya pamba. Vumbi lake likivutwa pafuni halitoki, nalo husababisha saratani. Nimeichukulia kuwa ndiyo bila kusubiri uthibitisho. Sikuikwangua wala kuipuliza. Niliilowesha kwa chupa ya kunyunyizia, nikavaa kinyago cha chembe ndogo na glovu, nikaitoa nzima na waya wake, nikafunga kwenye mifuko miwili na kuipeleka inakopokelewa taka ya hatari. Meza nimeifuta kwa vitambaa vilivyolowa, navyo vikaingia kwenye mfuko huo huo.

Ukinunua pasi ya umeme ya zamani, hatua hii ndiyo ya kwanza, kabla hujafikiria kuipolishi.

Juma la 6

Ndani ya pasi ya umeme pana uzuri ambao nje hauonyeshi. Utepe mwembamba wa nikromu, aloi ya nikeli na kromu, umezungushwa kwenye bamba la ulanga (madini yasiyopitisha umeme) lililokatwa kwa umbo la pasi, na juu na chini yake pana mabamba mengine mawili ya ulanga. Mizunguko iko karibukaribu kwenye ncha na inaachana kuelekea kisigino, ili ncha iwe na moto zaidi. Si urembo huo. Ncha ndiyo inayoingia kati ya vifungo na kwenye pembe za kola, na ndiyo inayokutana kwanza na unyevu. Earl Richardson wa Ontario, California, alijenga jina zima juu ya wazo hili mwanzoni mwa karne ya 20: pasi yenye moto nchani, Hotpoint.

Hataza ya pasi ya umeme alikuwa ameshaipata Henry W. Seeley wa New York mwaka 1882, lakini umeme majumbani ulikuwa haba na waya wa kudumu haukuwepo. Aloi ya nikeli na kromu ya Albert Marsh, aliyopewa hataza mwaka 1906, ndiyo iliyofanya waya uweze kuwa mwekundu mara elfu bila kukatika. Utepe wangu hauna dalili ya kuchakaa.

Kibao cha pasi kinasema volti 230, wati 450. Zidisha 230 kwa 230, gawanya kwa 450, unapata omu 118. Mita yangu imesoma 114, na nikromu baridi huwa chini kidogo ya ile ya moto, kwa hiyo utepe ni mzima. Kibao hiki lazima kisomwe kabla ya yote. Pasi iliyotengenezwa kwa volti 115 ukiichomeka kwenye 230 itavuta nguvu mara nne, na utepe wa miaka mingi utakatika kwa pumzi moja.

Kipimo cha pili ndicho kinacholinda maisha: je, umeme unavuja kwenda kwenye mwili wa pasi? Kwa kipima kinga cha volti 500 nilipata megaomu 0.3. Haitoshi, sikubali chini ya 1. Ulanga wenyewe haunywi maji, lakini unyevu na vumbi hujificha katikati ya tabaka zake. Niliyafuta mabamba kwa brashi laini, nikayakausha kwenye oveni kwa muda wa saa tatu kwa nyuzi 110, nikapima tena: zaidi ya 20.

Nafasi ya pedi iliyotoka nimeiziba kwa mabamba mapya ya ulanga. Waya mpya ni wa nyuzi tatu, unaovumilia joto, umefunikwa pamba iliyosukwa ili ufanane na umri wa pasi. Plagi ya zamani ilikuwa ya miguu miwili, bila ethi, yaani waya wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Hapo sikujiuliza mara mbili kuhusu uasilia: waya wa ethi umefungwa kwa skrubu kwenye mwili wa chuma, na pasi haichomekwi ila kwenye saketi yenye kikata umeme cha miliampia 30, kinachozima umeme ukivuja. Fundi umeme rafiki yangu aliikagua, akaivuta waya kwa nguvu, akasema, "Sawa, ndugu. Lakini mara ya kwanza tupitishe kwenye balbu." Tukaiunganisha kwa mfululizo na balbu ya wati 100 ya waya. Pasi ingekuwa na shoti, balbu ingewaka kwa mwanga wake wote. Iliwaka kwa mwanga uliopungua, na pasi ikawa vuguvugu.

Juma la 7

Bila thamostati, yaani kile kidude cha kupunguza na kuongeza moto, saa ndiyo thamostati. Kutoka baridi hadi nyuzi 200 ni dakika nane. Ukiiacha inaendelea kupanda. Niliichomoa ikiwa 260 na bado ilikuwa inapanda. Kwa hiyo nachomeka dakika nane, nachomoa, napiga nguo mbili, nachomeka dakika mbili. Haiachwi peke yake hata kwa kufungua mlango. Nimeifungia plagi kitambaa chekundu, na nikiondoka chumbani kitambaa hicho natoka nacho mkononi.

Jambo moja la kukubali wazi: nguo za nyuzi za viwandani hazifai kwa pasi yoyote kati ya hizi. Alama ya nukta moja kwenye lebo ni nyuzi 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Pasi ya chuma kitupu unaweza kuisubiri ipoe hadi 150 kwa sufu au hariri, juu ya kitambaa. Kuikamata kwenye 110 na kuibakisha hapo ni bahati. Poliesta na nailoni naiachia pasi ya mvuke.

Juma la 8

Kitambaa cha meza cha kitani, mita mbili na nusu, ambacho pasi yangu ya mvuke haijawahi kukishinda. Jana usiku nilikinyunyizia maji, nikakikunja kama mkeka na kukifunga kwenye taulo, ili unyevu ulale humo na kuenea sawasawa. Asubuhi nilianza na ile ya umeme upande wa nyuma kutoa mikunjo mikubwa. Kisha KENRICK, ikiwa nyuzi 205, upande wa mbele, polepole, kwa kufuata uzi.

Mvuke ulipanda pembeni mwa chuma na harufu ya kitani chenye moto ikajaa chumba. Kila pasi ilipopita mara ya pili, uso ulibadilika: nyuzi zililala, na kitambaa kikapata mng'ao wa ndani, kama karatasi nzuri. Mng'ao huo hautoki kwa mvuke. Kitani kinautoa kikibanwa na uso laini, wenye moto, mzito, mpaka unyevu wote uishe chini yake. Nilizunguka jikoni mara saba. Ilichukua dakika 50. Pindo la mwisho lilikunjika na kubaki limesimama wima kama kadibodi.

Pasi ya mkaa ilipiga leso kumi na mbili nje alasiri, mkaa mkavu, bila cheche hata moja.

Sasa hivi KENRICK iko kwenye kitako chake, nyuzi 70, bado siigusi bila kitambaa. Huu ndio moto wa kuipaka nta ya nyuki. Nimesugua kipande usoni, kikayeyuka na kuingia kwenye vile vishimo viwili vya nchani, nikafuta kwa fulana kuukuu mpaka kitambaa kikatoka safi. Kesho kutwa kuna mapazia.